Nafuu ya Siku ya Pili

Saa mbili asubuhi, Junaki Chutia anasoma kipimo cha damu ya Jogen Bhumij, kisha anakirudia. Kimeng'enya cha ini kisichopaswa kuzidi hamsini kimefika elfu tano na mia mbili.

Wodini, Jogen amekaa kitandani anakula wali laini.

"Dada wa sindano, umerudi tena?" anamtania. "Utanimaliza damu. Waambie waniruhusu, majani ya chai hayangoji mtu."

Jana alitapika kutwa. Leo hatapiki. Kwa miaka kumi na tisa Junaki amepima damu katika hospitali hii ya Assam, na siku hii ya nafuu ndiyo anayoichukia kuliko zote.

"Tumbo limetulia, lakini sumu iko kwenye ini," ananiambia mimi mwandishi nje ya wodi. "Inazizuia chembe zake kutengeneza protini, zinakufa. Nyongo inaishusha utumboni, utumbo unairudisha kwenye ini. Inazunguka hivyo hivyo."

Sumu hiyo ilitoka kwenye uyoga mweupe uliochumwa kando ya shamba la chai baada ya mvua za Aprili. Malati, mkewe Jogen, aliuchemsha mara mbili na kutumbukiza bangili ya fedha chunguni. Haikugeuka nyeusi, akaamini uyoga hauna sumu.

"Mama mkwe alinifundisha hivyo," anasema Malati. "Ulikuwa kidogo. Nikamwachia mume wangu, ndiye anayebeba magunia."

Junaki alimweleza kwamba molekuli ya sumu hiyo imejifunga kama pete. Moto wa jikoni hauivunji, wala fedha haiitambui.

"Sasa mimi ningejuaje?" Malati akauliza.



Siku ya nne macho ya Jogen yaligeuka manjano, akaanza kumwita mkewe kwa jina la dada yake. Siku ya sita alifariki. Alikuwa mtu wa saba mwaka huu. Kati ya kumi na mmoja walioletwa kwa sababu ya uyoga, wanne tu walirudi nyumbani.

Junaki amewahi kwenda kwenye makazi ya wachumaji kuwaonya. Walimkaribisha chai, wakamsikiliza kwa adabu, na mvua iliponyesha wakaenda kuchuma uyoga.

"Njaa haisomi vipimo," anasema.

Jumapili ijayo anakwenda tena. Safari hii Malati ameomba kufuatana naye.

"Wewe utawaambia ya sumu," alimwambia. "Mimi nitawaambia nilivyompikia."