Ulezi wa Kuwaitia Wakata Miti

Nakumbuka msimu nilipopika ugali ambao nusura uiangamize nyumba yetu nzima. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na nilijiona nina akili kuliko mama.

Tuliishi kijiji cha Itaka, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa amekwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka mitatu hatukupata hata salamu. Shamba la ulezi siku hizo lilianzia juu ya miti: mwanamume alikwea mtini akakata matawi, yakakauka, yakachomwa, ulezi ukamwagwa kwenye majivu. Nyumba isiyo na mwanamume ilipika pombe ya ulezi, na wanaume wa kijiji wakaja kukata. Mama alikuwa ametunza kikapu kimoja cha ulezi kwa pombe hiyo, huku sisi tukilala na mboga tupu.

Mwenye njaa hana miiko. Mama alipokwenda kanisani nilisaga ulezi wote, nikawashibisha wadogo zangu. Hata leo nikikumbuka walivyolamba vidole, nashindwa kujilaumu kabisa. Mama aliporudi hakunipiga. Aliketi kizingitini akalia, na hilo liliniuma zaidi ya fimbo.

Jirani yetu Bibi Tabu, mjane aliyelima peke yake tangu ujana wake, alisikia kilio akaja. Alinitazama, akasema, "Mjukuu wangu, hukula ulezi. Umekula mikono ya watu."

Kisha akamgeukia mama. "Nawe nyamaza. Pombe inaita wanaume. Sisi wanawake tutakuja na majembe yetu."

Keshokutwa yake walikuja wanawake saba, kila mmoja na chakula chake, wengi wao waume zao wako migodini. Hawakugusa mti. Walilima konde letu la zamani, wakafukia nyasi ndani ya matuta, tukapanda mahindi na maharage. Nasi tukaenda kwao kwa zamu. Mimi nilitangulizwa kila shamba, na mgongo wangu ulikoma! Mwaka ule tulikula mpaka mavuno mengine. Wengi wao wamekwisha kufa, na bado nawashukuru kila nikiinama kuomba.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukimwona mama analima peke yake, usingoje mwezi wa njaa ndipo umpelekee kibaba cha unga usifiwe. Nenda na jembe kabla ya mvua. Mungu akujalie udongo mwema na majirani wasiongoja kuitwa, nawe uwe mmoja wao.