Mbonyezo wa Pili

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mpiga simu ya upepo katika ofisi moja mjini Tabora. Ofisi yetu ilipeleka mbegu na mbolea vijijini, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya mtambo, kuita kijiji kimoja baada ya kingine na kusema mambo yasiyomsisimua mtu: mifuko imepakiwa, lori limeharibika, bwana shamba hatakuja. Wanawake wenzangu wa mtaani kwetu, Kanyenye, walinitania kwamba nalipwa kwa kupiga kelele, kazi ambayo wao waliifanya bure.

Katika kijiji kimojawapo, Usinge, mtambo ulikuwa ndani ya ghala la tumbaku, na aliyeutunza alikuwa mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu. Hakuanza kazi kabla sijamwamkia. "Shikamoo baba, ova." "Marahaba mwanangu, umeamkaje, ova." Mama yangu naye aliishi Usinge, kwa mdogo wangu wa kiume aliyelima tumbaku, kwa hiyo zikiisha habari za mbolea mzee alinipa na za mama.

Kiangazi tulisikilizana vizuri. Masika yakija, radi zilijaza mkwaruzo hewani, na kwa sababu ambayo fundi alinieleza nisielewe, mimi nilimsikia mzee lakini yeye hakuipata sauti yangu. Kilichomfikia ni mlio mdogo tu, tik, kila nilipobonyeza kitufe cha kusemea. Tukautumia huohuo. Yeye anasema sentensi moja, anangoja. Nikibonyeza mara moja, nimepata, aendelee. Mara mbili, sikupata, arudie. Akiuliza swali, moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Na kwa kuwa radi iliweza kumeza hata tik, mzee alikuwa na desturi ya kunirudishia alichosikia: "Nimepata moja. Ni moja kweli?" Nathibitisha, ndipo tunasonga mbele. Kwa mzigo wa majembe tu aliweza kuniuliza hivyo mpaka nikakereka. Kimoyomoyo nilimwita king'ang'anizi.

Mama alikuwa na neno lake, alilirudia kila nilipokwenda kumwona. "Nikifa, wewe ndiye utakayeniosha. Sitaki mikono ya watu." Alikuwa mwenye haya sana, mtu wa kuoga kabla majirani hawajaamka. Nilimwahidi, na kila mara nilimwambia aache kuongea mambo hayo wakati wa kula.

Siku moja ya mvua mzee aliita kabla ya zamu yake. Akasema mama ameamka vibaya. Nikabonyeza. Akasema hali yake imebadilika tangu alfajiri. Nikabonyeza. Kwetu habari ya msiba haitupwi usoni mwa mtu, huletwa kidogo kidogo, nami niliipokea kidogo kidogo, tik, tik, kama nilivyopokea habari za mbolea. Alipofika kwenye neno lenyewe nilibonyeza pia, maana kidole kilikuwa kimezoea. Sikulia. Nilikufa ganzi mwili mzima, kama mguu ulioukalia muda mrefu, unauona ni wako lakini huusikii.

"Ndugu yako yuko hapa nami," mzee akasema. "Wazee wanataka kuzika leo alasiri. Treni yako itafika kesho. Je, tuzike leo? Moja, ndiyo. Mbili, hapana, tukusubiri."

Nikabonyeza mara mbili. Nakumbuka ukucha wangu, hina yake ilikuwa imefifia. Kisha nikangoja aseme, nimepata mbili, ni mbili kweli?

"Pole mwanangu," akasema. "Mungu akupe subira."

Mtambo wake ukazimwa. Nikaita. Nikabonyeza tena mbili, na tena mbili, lakini kule ghalani hapakuwa na mtu, walikuwa wameshaondoka kwenda kupeleka jibu langu. Nikajiambia amepata, mzee yule hajawahi kukosea. Nikapita dukani kwa Mhindi nikaomba karafuu maiti ya kumwoshea mama. Akanifungia katika karatasi bila kuuliza ni ya nani, na hilo nilimshukuru.

Nilifika Usinge kesho yake. Majamvi yalikuwa yametandikwa uani, yamejaa wanawake, na kitanda cha mama kimesimamishwa nje, kimeegemezwa ukutani, kamba zake bado mbichi kwa maji. Nikajua. Mdogo wangu akanikumbatia. "Dada," akasema, "tulifanya kama ulivyosema." Jirani mmoja akanihakikishia kwamba mama aliogeshwa vizuri, na watu wenye adabu. Nikasema ahsanteni. Nikakaa jamvini, nikala ugali niliopewa, wala sikujua una ladha gani. Hasira niliiona, lakini kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Baada ya adhuhuri mzee wa ghalani akaja. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Akakaa ukingoni mwa jamvi, nikamwamkia, akaitikia, kisha akawa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "jana sikukurudishia. Nilipata moja, na radi ilikuwa inapiga. Ingekuwa ni majembe ningekuuliza. Lakini mtu amefiwa na mama yake, nitamuulizaje mara ya pili kama azikwe? Mfiwa haulizwi mara mbili. Niliona haya." Akaiweka kofia gotini. "Usiku kucha sikulala. Ilikuwa moja kweli?"

Karafuu maiti ilikuwa bado mkobani mwangu, harufu yake imeshika nguo zangu zote. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Wanawake nao walikuwa wamegeuka kututazama. Mzee alikuwa ananitazama mkononi, kwenye kidole.

"Moja, baba," nikasema. "Ulipata sawasawa."