Ukuta wa Ndani

Rafiki yangu, Jumamosi ya majuzi nilikuwa mtaani Rhonda, hapa Nakuru, na viatu vilivyojaa saruji, na mama mmoja akaniuliza swali lililonirudisha utotoni mbio. Siku za wiki naongoza shirika dogo la kusomesha wasichana. Jumamosi najitolea na kikundi kinachojenga vyumba vya kupanga vya bei nafuu kwa watu wa mtaa, na siku hiyo tulikuwa tunamkabidhi huyo mama funguo. Aliutazama ukuta wa mawe kwa nje, akaipapasa lipu ya ndani, kisha akauliza polepole, "Madam, nikipaka rangi, hamtanitoa?"

Watu huniuliza kwa nini najitolea. Huwa nawajibu maneno matamu kuhusu kuisaidia jamii iliyonilea. Ni uongo. Najitolea kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe nimekuwa nayo tangu nikiwa mtoto.

Nililelewa na nyanya yangu papa hapa Rhonda, kwenye vyumba vya fito na matope. Wewe unalijua vumbi la Nakuru, lile linaloingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Udongo wake haushiki ukutani, ukikauka unamwagika kama unga. Kwa hivyo kila Desemba Nyanya alipanda kwenda Kabazi kwa kaka yake, akarudi na gunia la udongo mwekundu. Tuliukanyaga uani kwa miguu, mimi na yeye, tukauchanganya na majivu na mavi ya ng'ombe. Kisha akapaka kwa kiganja, kutoka juu akishuka, ndani na nje, na chini kabisa akapiga mstari mweusi wa masizi. Chumba kizima kilinukia mvua. Siku hiyo hakuna aliyepika. Tulipasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe, tukaila na chai ya rangi, kucha zetu bado nyekundu. Majirani walipita wakisema, "Shosho, umetumaliza!" naye akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alipenda kusifiwa, nyanya yangu, na sioni ubaya wake.

Mwenye ploti, yaani mwenye vyumba tulivyopanga, naye alipita. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumtukana mtu. "Shosho, hapa pamekuwa smart sana," alisema. Kabla Januari haijaisha, keateka, msimamizi wake, alikuja kutuambia chumba kimepata mtu mwingine, mwalimu mmoja aliyekipenda kilivyo na kukubali kodi ya juu. Nyanya hakubishana. Tulipakia vitu kwenye mkokoteni tukahamia ploti nyingine, na Desemba ilipofika akaenda tena Kabazi. Unadhani alikuwa amejifunza? Wapi! Alipaka, tukasifiwa, tukatolewa. Hakuweza kukaa na ukuta wenye nyufa, hata akila mkono wake ulikuwa unazitafuta.

Ploti ya tatu ndiyo iliyombadilisha. Alipaka ndani tu. Nje aliacha matope yadondoke hadi fito zikaonekana, na mimi nilikuwa naona haya wenzangu wa shule wakipita. Nilimuuliza kulikoni.

"Nje ni kwa mwenye ploti," alisema. "Ndani ni kwetu."

Mwenye ploti wa huko akija, Nyanya alitoka kumlaki mlangoni, akaurudisha mlango nyuma yake, akaanza kulalamika kuhusu panya. Mimi niliyebaki ndani nilikatazwa kucheka. Tulikaa humo mpaka nikamaliza shule. Sijawahi kuishi kwenye chumba kizuri kuliko kile, na hakuna aliyealikwa kukiona. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alipokelewa uani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alificha kazi ya mikono yake kama mtu anayeficha vitu vya wizi.

Alipofariki, matanga yalikaliwa humo humo. Mwenye ploti alikuja kutoa pole, akaingia kwa mara ya kwanza. Akaketi, akanywa chai, akapitisha kiganja ukutani. "Kumbe," alisema, basi. Tulimzika Nyanya Kabazi, kwenye shamba la kaka yake. Tuliporudi tulikuta kufuli mpya mlangoni. Vitu vyetu vilikuwa vimepangwa uani, vimefunikwa vizuri na nailoni visije vikanyeshewa.

Siku hizi pale pana ghorofa. Watoto wa hapo hawajui udongo wa Kabazi unanukia vipi ukiwa mbichi, na sitaki kukudanganya kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Kilichopotea ni Nyanya na kuta zake, na waliotutoa hawakupoteza usingizi.

Basi nilimjibu yule mama kwamba hakuna atakayemtoa. Nilimwambia ni mimi mwenyewe niliyeng'ang'ana kikundini mpaka tukakubaliana hivyo, kwamba mtu hafukuzwi kwa kupendezesha anapoishi. Apake rangi anayotaka, ndani na nje. "Sawa, madam," alisema, akatabasamu.

Jana nilipita kumjulia hali. Ukuta wa nje ulikuwa vile vile tulivyouacha, mawe matupu. Nilibisha hodi. Alitoka kunilaki, kucha zake zina rangi ya samawati, akaurudisha mlango nyuma yake. Kisha akaanza kunilalamikia kuhusu panya.