Shubiri Mbili na Nusu

Mtaa mzima ulimwita Mama Paleti, naye hakuchukia. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza ghala katika duka la vigae, na vigae huja vimepangwa juu ya paleti, zile fremu za mbao ambazo mzigo ukishashushwa hakuna anayezitazama tena. Yeye alizitazama. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani. Akashukuru, kisha akaomba na zile paleti zilizoegemea ukuta wa nyuma. Saa ilishakufa zamani. Paleti ziligeuka kabati la vyombo, benchi la barazani na banda ambalo kuku wenyewe walilionea fahari, au ndivyo alivyodai.

Hakuwa mtu wa kuokota ovyo. Alimwomba mlinzi kwanza, wakapiga soga kidogo, ndipo akainama kunusa. Ndiyo, kunusa. Paleti yenye harufu ya dawa au iliyonyonya mafuta aliiacha palepale, hata iwe nzuri namna gani. Iliyompendeza aliipakia kwenye mkokoteni wake, akaenda akiisemesha njia nzima.

Sasa alikuwa na kazi iliyomkosesha utulivu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mpishi wa shule, alivunjika nyonga. Alipona, lakini nyumba ya mwanawe alikokuwa akiishi ilikuwa ngazi tupu. Dada huyu ndiye aliyemlea Mama Paleti kwa nyimbo na makofi, na kofi lake moja lilikusanya shavu na sikio kwa mpigo. Katika watoto wa mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu, na Mama Paleti alichoka kula peke yake. Alimbembeleza kwa simu mpaka dada akakubali, ila kwa sharti.

"Niinuke kitandani mwenyewe," dada alisema. "Siku nitakayoinuliwa kama mtoto mchanga, mdogo wangu, nafungasha virago."

Basi kitanda atakachomtengenezea kiwe na kimo gani? Dada alipima chake palepale kwa kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Shubiri mbili na nusu, sakafuni hadi juu ya godoro. Mama Paleti alikirudia kipimo hicho kutwa nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Akachagua paleti ngumu kuliko zote. Kubomoa paleti kunataka subira, maana misumari yake imesokotwa makusudi isitoke, na mwenye pupa huishia na kuni. Yeye alipenyeza mtaimbo mfupi chini ya ubao, akainua kidogo upande huu, kidogo upande ule, hadi ubao ukaachia wenyewe kwa mlio wa kunung'unika. Misumari aliigonga kwa nyuma, akaing'oa kwa koleo. Kisha randa, kisha msasa, na chini ya uchafu wa safari zote zile ikatoka mbao yenye rangi ya asali. Hapo alifurahi kila mara, kana kwamba ni yeye aliyeificha.

Vile vigogo vinavyotenganisha mbao za juu na za chini alivirundika pembeni. Jirani yake seremala alimuuliza kama anawajengea panya mji. Alimjibu kwamba panya wana shukrani kuliko majirani.

Kitanda kikakamilika. Alikipima kwa kiganja, godoro likiwa juu yake, akakipima tena, akaridhika.

Dada alifika na fimbo yake na sanduku moja. Alipapasa ubao wa kichwani, akakiri kwamba hata duka la samani lingemwonea wivu mdogo wake. Kisha akaketi, akazama. Alipotaka kuinuka, magoti yalikuwa juu mno. Akajaribu tena, akishika fimbo kwa mikono miwili, akarudi chini. Mama Paleti alinyoosha mkono.

"Usinishike."

Mama Paleti akaurudisha mkono. Dada alijaribu mara nyingine, akashindwa, akatazama sanduku lake ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba kesho atafutiwe gari.

Mama Paleti alihisi machozi yanamlenga. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kupima upya mbele ya shahidi: shubiri moja, mbili, nusu. Sawasawa kabisa. Dada alitazama kile kiganja kidogo kikitambaa kwenye mguu wa kitanda. Kisha akaushusha mkono wake na kuutandaza juu ya ule wa mdogo wake. Ukaufunika wote, ukabaki na ziada.

Walitazamana.

"Shavu langu linakijua kiganja hicho tangu utotoni," Mama Paleti alisema. "Sijui mikono yangu ilisahauje."

Dada alicheka hadi akashika nyonga. Mama Paleti alikuwa ameshakimbilia uani, kwenye mji wa panya. Alichagua vigogo vinne vilivyolingana, akavichonga vishimo ili miguu ya kitanda isiteleze, akavipachika chini yake huku dada akisubiri kwenye kiti. Alipomaliza alirudi nyuma hadi ukutani, akaifunga mikono mgongoni isije ikamsaliti.

Dada akaketi kitandani. Akaweka fimbo sawa, akavuta pumzi, akasimama. Akaketi tena, akasimama tena, safari hii kwa maringo tu.

Asubuhi Mama Paleti alikuta kitanda cha mgeni wake kimetandikwa na sanduku li tupu. Dada alikuwa barazani, amesimama mbele ya lile benchi, akilikagua kwa uso wa mtu mwenye malalamiko.

"Hili nalo ni fupi," alisema, akaukunjua mkono wake mpana juu ya ubao. "Nitengenezee langu. Na safari hii, njoo upime kwa huu."