Kumfuata Mnyama wa Kilindini hadi Likoni

Nilifunga safari kwa sababu ya simu moja. Bi Mwanasha, niliyepanga kwake Likoni zamani, aliniambia mumewe karudi kutoka meli ya uvuvi na kipande cha waya kilichonaswa kilindini mwa bahari, kimeota "maua magumu". Nikaomba picha. Lo! Nilipiga kelele hadi wenzangu wa maabara wakakimbilia mlangoni.

Yalikuwa magamba ya kilindini, jamaa wa yale yanayoganda kwenye mawe na matumbo ya meli. Watu huyadhani konokono, kumbe ni ndugu wa kaa na uduvi. Ya ufukweni hukaa kitako. Haya husimama juu ya shina. Miaka yote nimebandika kwenye sampuli majina yaliyotolewa na wengine. Safari hii mkuu wangu aliniachia nitambue aina mwenyewe.

"Lakini leta na madume," alinionya. Jike ndilo linaloonekana. Madume ni vitone tu, vimejibanza ukingoni mwa gamba lake. Bila hayo, aina mbili zinazofanana hazitenganishiki.

Saa moja asubuhi nikatoka kwangu Chaani. Saa mbili nilikuwa kivukoni, roho juu, nikiona feri inajikokota makusudi.

Likoni, saa tatu kasoro.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Kitu chako nimekutengenezea, chang'ara!"

Kwake mgeni hapewi kitu kichafu, na magamba yote alikwisha kuyasugua kwa mswaki. Meupe pe! Nilitaka kulia, nikanywa chai.

"Ila niwie radhi," akasema. "Kuna vichafu hapa pembeni, nimesugua hata vidole vyaniuma. Havitoki."

Nikachomoa kioo cha kukuzia. Kwenye vijifuko vya ukingo, vitone vitatu. Madume! Nilimkumbatia nusura tuanguke.

Naye akachungulia. "Waume hao? Na hula nini?"

"Hata mdomo hawana, Bi."

"Wallahi! Hawali, hawasemi, na kutoka hawatoki!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Saa nane mchana nilikuwa maabarani, jicho kwenye hadubini. Umbo la madume lilikata shauri. Nimejifunza kumwambia mwenyeji mapema asisafishe kitu. Nimejifunza pia kutokata tamaa kabla sijatazama. Mkuu alichungulia kwa muda mrefu, kisha akanisogezea kalamu. Nikaandika kwenye kibandiko jina la mnyama na, chini yake, kwa mara ya kwanza, langu.