Timu Nne za Darla Stidham

Ukitaka kumuudhi Darla Stidham, mwambie mchezo wake unakufa. Atakuvua nguo hapo hapo ulipo, uwe kwenye foleni ya duka au mlangoni pa kanisa. Atakuambia watoto wanaoucheza wanaongezeka kila mwaka, kwamba hata Japani na Meksiko wamo, kwamba kule Florida kila masika kuna mashindano makubwa ambayo huingii mpaka ualikwe. Na wala hadanganyi. Shida ni kwamba Japani ni mbali na Cutler Fork, mji wake mdogo, na hakuna mtoto wa Japani aliyekuja kufanya mazoezi kwenye jimu yake.

Yeye ni mzaliwa wa pale pale, mashariki ya Kentucky, binti wa mchimba makaa. Alipokuwa shule alisimama pembeni ya uwanja akiwashangilia wavulana wa mpira wa kikapu mpaka sauti ikamkauka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka kumtazama. Kisha akaona huu mchezo mwingine, ambao jina lake bado ni kushangilia lakini hashangiliwi mtu isipokuwa wasichana wenyewe. Ni dakika mbili na ushee za kupinduka, kurushana na kudakana mbele ya majaji, tepe kubwa zimesimama kichwani, na tabasamu haliondoki hata mtu akiteguka kidole. Darla akaupenda, akaupenda hasa. Yeye na mumewe Wendell wakalichukua duka la zamani la fanicha, wakaweka sakafu yenye springi chini yake, na wakaanza.

Miaka ya mwanzo ilikuwa miaka hasa. Jioni huwezi kupata pa kuegesha gari. Kina mama walikuja na viti vyao vya kukunja, wakikaa ukutani wakila karanga na kuwasema wasiokuwepo. Halafu migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Watu wakafuata kazi Ohio na Indiana, na watoto wakaenda na wazazi wao, ingekuwaje vingine? Waliobaki, wale wenye mtoto anayejua hasa, wakaanza kumpeleka Lexington, kwenye jimu kubwa yenye sakafu tatu na makocha wenye meno meupe. Darla alikuwa akiitaja jimu ile kama mtu anavyomtaja mke mwenza.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu asiyeujua mchezo huu. Sheria zinaruhusu msichana mmoja kuwa katika timu zaidi ya moja. Akiugua mmoja, unamwazima mwingine aliye timu ya juu, anabadilisha sare, anaziba pengo, mambo yanakwenda. Kila kocha hufanya hivyo. Lakini Darla alipopungukiwa watoto, aliongeza timu. Badala ya kuwa na timu moja nene, akawa na timu nne: Cheche, ambao ni vitoto vya kushikwa mkono, halafu Makaa, Moshi na Ndimi, na hizo tatu ni sura zilezile kwa sare tatu tofauti. Alijua wazazi wanavyochagua. Mzazi haulizi watoto wangapi, huuliza timu ngapi. Jimu yenye timu moja huonekana kama mgonjwa, na nani atamwacha mwanawe kwa mgonjwa?

Basi akabandika mlangoni maandishi makubwa kwamba jimu inakua. Wendell, ambaye ni mtu wa maneno machache na mgongo mbovu, aliyatazama muda mrefu.

"Mke wangu, mbona hao ni watoto walewale?"

"Majaji hawahesabu sura, Wendell. Wanahesabu makosa."

Na ubaya wa uongo wa aina hii ni kwamba baada ya muda anayeamini zaidi ni mwenyewe. Darla alikuwa akisema "timu zangu nne" mpaka moyoni zikawa nne kweli.

Katika timu zile tatu, aliyekuwa juu siku zote ni Brylee Napier. Kila msichana anayerushwa hewani anahitaji wenzake watatu chini, wawili wa kumshika miguu na mmoja nyuma, na wa chini unaweza kuwafundisha wowote wenye mabega. Lakini wa juu huzaliwa. Brylee alikuwa mwembamba, hana woga, na akiwa juu alikuwa anatulia kama ameketi kwenye kochi la kwao. Darla alimpokea angali anavaa nepi. Makaa walijengwa juu ya Brylee, Moshi juu ya Brylee, Ndimi juu ya Brylee. Akiondoka yeye, hakuna timu hata moja inayosimama, na bila timu hakuna jimu. Hilo Darla alilijua hata usingizini, na ndiyo sababu hakutaka kusikia neno lolote juu ya uchovu.

Mama yake Brylee, Tosha, muuguzi pale mjini, alikuja kulisema hilo majira ya baridi. Alisema mtoto analala amefungwa barafu kwenye vifundo. Alisema anashindwa kushika kijiko. Darla alimjibu kwa utani kwamba kuchoka ni kwa wanaokaa, akampa Brylee jojo, na yakaishia hapo. Tosha alikuwa mtu mpole, na watu wapole huonewa hivyo hivyo kila siku.

Mwezi Machi wakaenda mashindanoni Louisville. Ukumbi umefurika, muziki unagonga kifuani, kila mahali harufu ya marashi ya nywele. Makaa wakaingia, wakacheza, hakuanguka mtu. Nyuma ya pazia wasichana wakavuana nguo mbio mbio, huku mama mmoja akifunga tepe na mwingine akifuta jasho, wakarudi wakiwa Moshi. Hakuanguka mtu. Waliporudi mara ya tatu wakiwa Ndimi, miguu ya Brylee ilianza kutetemeka akiwa juu, ikatetemeka hadi mabegani mwa waliombeba, wakamshusha kabla ya wakati. Hakuumia. Darla akamshukuru Mungu wake, akajiambia si kitu, majaji watapunguza alama kidogo tu.

Saa ya zawadi, timu zote zilikaa chini kwenye sakafu ya bluu. Ndipo kijana mwenye kipaza sauti akatangaza tuzo ambayo Darla hakuwa hata akiiwaza: ya jimu iliyokua kuliko zote mwaka ule. Wenye mashindano walikuwa wanahesabu timu zilizoandikishwa, basi. Jina la jimu yake likatajwa. Darla alisimama huku machozi yanamtoka. Jamani, mtu aliyekaa miaka akiambiwa anakufa, leo anaambiwa mbele ya maelfu kwamba amekua! Ningekuwa mimi ningelia pia.

Kisha yule kijana, kwa nia njema kabisa, akasema zipande jukwaani timu zote nne zipigwe picha ya pamoja. Wakapanda vitoto vya Cheche, na nyuma yao wasichana wa Ndimi. Jukwaa lilikuwa pana, wakaonekana wachache kama wageni waliowahi kwenye harusi. Mpiga picha akasubiri. Yule kijana akaangaza macho ukumbini, akaita Makaa. Akaita Moshi. Wasichana wakamtazama Darla, na Darla akatazama viatu vyake.

Brylee ndiye aliyesema, na kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Ni sisi."

"Ndiyo, mrembo, ninyi ni Ndimi. Wenzenu wako wapi?"

"Hatuna wenzetu. Wote ni sisi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Laiti watu ukumbini wangecheka. Walichofanya ni kupiga makofi, watu wote wale, taratibu, kwa huruma, kama wanavyompigia mtoto aliyesahau shairi kanisani. Wazazi kutoka Cutler Fork walikuwa kwenye viti vya juu na waliona kila kitu. Mpaka siku ile kila mmoja wao alikuwa akiangalia mwanawe tu, na hakuna aliyewahi kuwaona watoto wote wa jimu wamesimama pamoja mahali pamoja.

Njiani kurudi hakuna aliyetaja tuzo. Baada ya hapo walianza kupukutika. Mmoja alisema binti yake anataka mpira wa wavu. Mwingine alisema ni mbali, na nyumba yake iko mtaa wa pili. Wengi wa waliobaki walikuwa Lexington kabla ya Pasaka. Darla aliwapigia simu mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba hakuna sheria aliyoivunja, na ni kweli, hakuvunja. Wakamsikiliza kwa adabu.

Tosha peke yake ndiye aliyekuja ana kwa ana. Alikataa kuketi.

"Bi Darla, sijakasirika kwa kuwa mmepungua. Kila kitu mji huu kimepungua. Nimekasirika kwa kuwa ulijua, na pengo lote ukaliziba kwa mwanangu."

Kisha Tosha akajiendea zake.

Mei ndio mwezi wa kuchagua timu za msimu mpya. Darla alifungua mlango mapema, akapangusa magodoro, akatandika tepe mpya mezani na bakuli la vidakuzi vya siagi ya karanga. Wendell alimwambia asijitese. Darla akasema watakuja, siku ya kwanza watu huchelewa. Akaja bibi mmoja na wajukuu wawili, wa umri wa Cheche, akachungulia, akauliza wengine wako wapi. Aliposikia bado hawajafika, akasema atarudi, akawapeleka watoto kula aiskrimu. Hakurudi. Mpaka adhuhuri Darla alikuwa amekaa katikati ya sakafu peke yake, na springi chini yake hazikulia hata kidogo.

Mchana akaingia Brylee. Darla aliruka kama msichana. Akadhani amerudi, na kwa muda ule mfupi alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote Kentucky. Brylee akaweka begi chini, akasema polepole kwamba kesho anajaribiwa Lexington. Mama yuko nje garini, na hakutaka kuingia. Tangu Louisville hajapanda juu hata mara moja, na anaogopa kuanguka mbele ya watu asiowajua.

"Nilitaka unirushe mara moja tu, Bi Darla. Nione kama bado ninaweza."

Darla akaona afadhali hilo kuliko hakuna. Akasema, sawa mwanangu, panda, akajiweka chini yake kama alivyowapanga mamia ya wasichana. Ndipo wote wawili wakatazama kulia, wakatazama kushoto, mahali wanaposimama wengine. Wendell alikuwa mlangoni na mkanda wake wa mgongo. Pale palitakiwa watu watatu wa chini.

"Nitakubeba mwenyewe," Darla akasema. "Nimekubeba tangu ukiwa mchanga."

Akamshika kiunoni, akafumba macho, akahesabu kwa sauti kama anavyohesabu siku zote, tano, sita, saba, nane, akasukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Aliendelea kusukuma, macho kafumba, akimwambia anyanyue kidevu, atabasamu, anakwenda vizuri, anakwenda vizuri sana.

"Bi Darla," Brylee akasema taratibu, "bado niko chini."

Kisha mtoto, kwa heshima, akaitoa mikono ile kiunoni mwake, mmoja mmoja, akaokota begi lake.