Nilipoita Pau Mbili

Sikumchukia yule mama wa Loresho kwa sababu ya uzuri wake. Uzuri ningeuvumilia, hata mimi najipenda. Nilichoshindwa kuvumilia ni jinsi mume wangu alivyokuwa akimwelewa.

Tulicheza bridge, mchezo wa karata, kila Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo huko Hurlingham, juu ya duka la dawa. Klabu yetu ilikuwa na desturi moja: mume na mke hawachezi pamoja. Ilianza baada ya bwana mmoja kumwita mkewe mjinga mbele za watu kwa sababu ya malkia wa uru, mama akabeba mkoba akaenda zake na funguo za gari. Kwa hiyo mimi nikapewa mzee mmoja mstaafu wa wizara, mpole, aliyesinzia karata zikichanganywa. Mume wangu akapewa yule mama wa Loresho, mjane, mhadhiri, mwenye simu ya kukunja na kucha ambazo hazijawahi kumenya viazi.

Asiyejua bridge ajue hili tu. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mmoja anaita aina ya karata na idadi ya mizunguko anayoahidi kushinda juu ya sita, na kwa kuita huko mnaelezana mlichoshika mkononi, maana kusema wazi ni marufuku. Mwenzako akifungua mnada, wewe ndiye wa kujibu. Ukiwa mnyonge unajibu kidogo na kunyamaza. Ukiwa na nguvu hupigi kelele. Unaita aina nyingine ya karata, polepole, na kwa makubaliano yenu yeye haruhusiwi kupita, yaani kuacha kuita. Lazima aseme kitu. Ni kama kumshika mtu mkono akiwa mlangoni na kumwambia, ngoja, sijamaliza.

Yule mama alikuwa fundi wa jambo hilo. Mume wangu akifungua kopa moja, yeye huita pau mbili kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na mume wangu husogea mbele kwenye kiti. Nilimwona kutoka meza ya dirishani. Huyo ni mtu ambaye nyumbani, kule Dagoretti, nikimweleza ya ofisini hujibu "ehe" macho yakiwa kwenye televisheni. Siku moja waliendelea kuelezana, yeye hivi, mama vile, hadi wakafikia ahadi kubwa, kushinda mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Wakaitimiza, wakacheka pamoja.

"Madam, ni wewe tunangoja," yule mzee mstaafu akanikumbusha.

Roho iliniuma, sitaficha. Hawakuwa na lolote baina yao, nilichunguza vya kutosha, na hilo halikunisaidia. Ningemfumania amemshika kiuno, ningejua pa kuanzia.

Nikaamua kujifunza. Nikisubiri githeri iive, nilipanga karata juu ya meza ya jikoni, nikaita na kujijibu mwenyewe. Nilijifunza lini kuruka hadi namba kubwa na lini kwenda polepole, na jinsi ya kuficha kopa nyuma ya pau ili zitokee baadaye na uzito wake. Binti yangu alidhani ninapiga ramli.

Shindano la kufunga mwaka ndilo pekee ambamo desturi ile iliwekwa kando, kila mtu akachagua mwenzake. Tulipotoka kanisani nikamwambia mume wangu, "Mwaka huu nacheza na wewe."

"Sawa tu, mama," akasema. "Tujaribu."

Hilo "tujaribu" nikalimeza. Nilitaka kitu kimoja tu: asogee mbele kwenye kiti kwa ajili yangu.

Siku ya shindano, karata zenyewe zilikuja mapema. Alifungua kopa moja. Nikatazama mkononi mwangu: esi mbili, wafalme watatu, pau nyingi, na nyuma yake kopa nne safi. Meza ya pili, mama wa Loresho alikuwa amenipa mgongo. Nikaita pau mbili, bila haraka.

Mume wangu akazitazama karata zake, akajikuna kidevu, akasema, "Pasi."

Mpinzani wetu aliinua nyusi, kisha naye akapita upesi kabla mtu hajashtuka. Mnada ukaisha. Mume wangu akazitandaza karata zake wazi mezani, kama sheria inavyotaka, nikaona kila nilichokosa mimi kipo kwake. Tulikuwa tumeahidi mizunguko minane tu, na alama kubwa hufuata ahadi. Nilishinda kumi na miwili, mmoja baada ya mwingine.

Kwenye ngazi nikamuuliza, "Kwa nini ulipita? Si unajua hairuhusiwi?"

"Najua. Lakini nilidhani uko weak, unatafuta tu mahali pa kuponea. Si kawaida yako hushika vitu vidogo vidogo?" Alisema kwa upole, akiniondolea uzi begani.

"Kawaida gani? Hujawahi kucheza na mimi."

Akatafuta uzi mwingine begani.

"Angekuwa ni yeye ameita pau mbili," nikasema, "ungepita?"

Laiti angedanganya. Lakini nimeolewa na mtu mkweli, na swali alilifikiria vizuri, mkono ukiwa bado begani mwangu.

"Hapana," akasema. "Yeye nisingempita."